Sahani za Darb Rummana

Karani wa ofisi ya kodi alizisukuma karatasi za Abu Ayham kwa ncha ya kidole, zikapita chini ya kioo, zikarudi zilikotoka.

"Ami, siwezi kukusajili," alisema. "Kadi yako ya ukaazi imekwisha. Mimi namwandikisha mlipa kodi anayeishi nchini, na serikali haijui kama wewe unaishi nchini."

"Serikali haijui. Wewe si unaniona?"

"Nakuona."

"Basi waambie."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Abu Ayham hakucheka. Asubuhi ile alikuwa ametoka ofisi ya ukaazi, huko nako wamemwambia kadi mpya hapewi mpaka alete karatasi ya kodi, waone kwamba anakula kwa jasho lake. Sasa amekuja kwenye kodi, anaambiwa alete kadi. Tangu majani ya mitini yalipoanza kuchipua anazungushwa baina ya milango hiyo miwili kama ng'ombe wa kinu, na hata ng'ombe wa kinu mwisho wa siku hutoa mafuta.

"Mwanangu," alimwambia karani, "mimi sikusoma. Nifundishe wewe uliyesoma. Yai nilipate wapi na kuku hayupo, na kuku nimpate wapi na yai mmenikatalia?"

Karani, msichana aitwaye Ghizlan mwenye macho yaliyochoka, alitazama nyuma yake, kisha akainama karibu na tundu la kioo.

"Nenda kwa mjumbe wa mtaa wako akuandikie hati ya makazi, kwamba unakaa pale na unajulikana. Ukiwa nayo, watu wa ukaazi watakupa stakabadhi ya muda, na mimi stakabadhi hiyo inanitosha. Lakini fanya haraka, Ami. Mwezi ukiandama kabla hujaileta, faili lako linafungwa, na likifungwa utatakiwa uondoke nchini."

Abu Ayham akazikusanya karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ule ule aliokuwa akiubeba mkewe, akatoka bila kuaga. Hakuwa na desturi ya kumshukuru mtu aliyekaa nyuma ya kioo.

Njia nzima alikuwa akilaani. Aliwalaani wakubwa wa kwao Shamu waliomchomea duka lake la magodoro kule mjini Halabi, wao na waliopigana nao, maana kombora halikuuliza duka ni la nani. Akawalaani wenye mipaka na wenye mihuri. Hapa mjini Ain Lahjal nako akawalaani waliobuni sheria ya kumtaka mtu aombe ruhusa ya kutozwa kodi. "Mwizi hodari," alikuwa akisema, "anavunja mlango akaiba. Hawa wanakutaka upige hodi, usubiri, ulete picha mbili, ndipo wakuibie." Mkewe Widad alikuwa akicheka anaposikia maneno hayo. "Burhan wewe," alikuwa akimwambia kwa jina lake mwenyewe, "hata ungezaliwa mfalme, ungejipinga mwenyewe."

Lakini Widad hakuwepo tena. Kifua kilimchukua wakati wa baridi. Yeye ndiye aliyejua kusoma, ndiye aliyejua dirisha gani na siku gani. Hata mkataba wa nyumba yao ya kichochoro cha Darb Rummana uliandikwa kwa jina lake, kwa sababu Abu Ayham alikataa kutia sahihi kitu asichoweza kukisoma. Alipokufa, mkataba ukafa naye. Mwenye nyumba yuko Ufaransa, na shemeji yake apokeaye pango huchukua noti akaondoka. Ukimtajia karatasi anakuwa kiziwi.

Kuondoka, angekwenda wapi? Mwanawe Ayham yuko Ujerumani, chumba kimoja na wenzake watatu, naye pia anasubiri karatasi. Na hata angekuwa na kasri, makaburi ya Ain Lahjal yangebaki na Widad peke yake, mgeni kati ya wenyeji, Ijumaa kwa Ijumaa bila mtu wa kumnyunyizia maji. Duka dogo alilolipata karibu na tanuri la mikate, uta wake wa kupigia pamba ya magodoro, sindano zake, vyote hivyo angeviacha. Kaburi angeliachaje?

*

Mjumbe wa mtaa, Bouazza, ambaye watu humwita kwa heshima Si Bouazza, ofisi yake ilikuwa meza ya mkahawa iliyo karibu na mlango, pale anapoweza kuona nani anapita na nani kamfuata. Pikipiki yake ndogo ilikuwa imeegemezwa ukutani, na birika la chai ya nanaa liko mbele yake.

"Mshami!" alisema. "Kaa. Kunywa chai. Hati ya makazi siandiki."

"Hata sijasema."

"Mtu akinijia na mfuko wa plastiki, nini kingine? Posa?"

Abu Ayham akakaa kwenye ncha ya kiti. "Si Bouazza, wewe unanijua. Ulikuja kumzika mke wangu."

"Mazikoni naenda kwa kila mtu. Marehemu nilimjua, Mungu amrehemu, hakuwahi kunipita bila salamu. Wewe je? Dirisha lako halifunguki. Mlango wako haugongwi. Wanawake wa kichochoro wanasema unatoka kabla ya alfajiri na kurudi kupitia uchochoro wa nyuma kama paka aliyeiba. Nikiandika kwamba unakaa pale, halafu mkuu wa tarafa akute umepangisha watu wengine, mimi ndiye nitakayekatwa masikio."

"Sijampangisha mtu! Nakaa mwenyewe!"

"Nani anasema?"

"Mimi!"

"Wewe ndiye mwenye shida, ushahidi wako haukubaliki." Si Bouazza akamimina chai kutoka juu mpaka ikatoa povu. "Nitakuja Alhamisi baada ya alasiri. Nitasimama mlangoni pako niwaulize majirani hadharani. Wakisema wewe ni mwenzao, naandika papo hapo. Wakinyamaza, na mimi nanyamaza."

Abu Ayham akaiacha chai yake. Angeambiwa alete shahidi kutoka mwezini asingeona uzito kama ule. Maana palikuwa na jambo baina yake na majirani, jambo ambalo hakuna ofisi iliyolijua.

Jambo lenyewe lilikuwa sahani.

Siku Widad alipozikwa, Darb Rummana yote ilimfungia jiko. Hakuna aliyemwachia awashe hata kiberiti. Ililetwa kuskusi ya maboga, ikaletwa supu ya harira, ikaletwa kuku wa ndimu na zeituni, ikaletwa mikate ya moto iliyofunikwa vitambaa. Abu Ayham alikula akilia, au alilia akila, hakumbuki. Waombolezaji walipotawanyika, sahani zikabaki. Akaziosha moja moja, akazipanga kando ya sinki, akazifunika kwa mtandio wa Widad.

Sasa, watu wa Halabi na watu wa Ain Lahjal wanatofautiana katika mengi. Mkate wao si mkate wetu, alikuwa akisema, na "sasa hivi" yao ni kesho kutwa. Lakini hili ni moja huku na huko: sahani ya jirani hairudi tupu. Na sahani ya msiba ina sharti zaidi, kwamba haijibiwi kwa machungwa ya sokoni wala sukari ya dukani. Hujibiwa kwa kitu kilichopikwa ndani ya nyumba ile ile iliyofiwa, majirani wajue jiko limewaka tena.

Na yeye hakujua kupika. Alijaribu mara moja, dengu zikaungua mpaka sufuria ikageuka kigae cha makaa. Tangu hapo akawa anaishi kwa mkate, zeituni na dagaa wa kopo. Kila alipokutana na mwanamke wa kichochoro kile, alimwona anamtazama mikononi. Haya ikazaa kukwepa, kukwepa kukazaa kimya, na kimya kikamea kama ukoka. Alijua wanachosema. "Mshami amekula chakula chetu, na sahani akala."

Na hao ndio mashahidi wake.

*

Jumatano alikata shauri. Heri sahani irudi tupu kuliko isirudi kabisa, alijiambia. Akaiondoa ya juu, ya Zhor, Lalla Zhor kwa heshima, wa mlango wa mbele, mke wa dereva wa lori. Zhor ndiye aliyekuwa rafiki wa Widad, ndiye aliyemwosha. Sahani yake ilikuwa ya buluu, imechorwa samaki wawili, na chini yake ina nukta ya rangi nyekundu ya kucha, kama wanawake wa pale wanavyoweka alama ili kwenye arusi zisipotee. Akaifuta tena na tena kwa shati lake, akavuka kichochoro, akagonga.

Zhor alifungua na unga mikononi. Alipomwona akatabasamu, kisha macho yake yakashuka kwenye sahani, na tabasamu likaganda.

"Tupu?" alisema taratibu.

"Nimeiosha vizuri, Lalla Zhor."

"Naona umeiosha." Akaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mgonjwa. "Gari linakuja lini?"

"Gari gani?"

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mavyaa wake, Bibi Rqia, kikongwe ambaye miguu ilikuwa imemchoka lakini ulimi bado. "Nani huyo, Zhor?"

"Mshami, mama. Amerudisha sahani tupu."

"Yallatif! Anahama! Na kaburi la mwenzake anamwachia nani?"

Hapo ndipo Abu Ayham alipokumbuka. Kwao pia ilikuwa hivyo. Anayerudisha sahani tupu ni yule ambaye vyombo vyake viko garini na jiko lake limekwisha poa. Ndiyo namna ya kusema buriani bila kuitamka. Alikuwa amelijua hilo tangu utotoni, nalo likamponyoka katikati ya mihuri na madirisha.

"La, sihami, mimi..." alianza. Lakini Zhor alikwisha kujifunika uso kwa kanzu yake, analia, na mlango ukafungwa.

Kabla ya magharibi, Darb Rummana yote ilijua kwamba Mshami anahama. Wakati wa magharibi pikipiki ya Si Bouazza ikasimama mbele yake pale pale kichochoroni, ikatoa moshi.

"Kumbe unahama, na hati ya makazi unaitaka! Unanichezea shere, Mshami?"

"Sihami, Wallahi sihami!"

"Zhor analia tangu adhuhuri. Unga umechachia kwenye beseni."

"Ni sahani tu, Si Bouazza!"

"Sahani tu," alirudia mjumbe, akitikisa kichwa. "Hakuna sahani tu. Kesho nitakuja kwa sababu nilisema nitakuja. Lakini usijitie matumaini."

Akaondoka. Abu Ayham akabaki na moshi wake.

*

Alhamisi asubuhi alikwenda makaburini na chupa ya maji. Akang'oa magugu, akaumwagia maji mti mdogo wa mhadasi alioupanda upande wa kichwa, akakaa kwenye jiwe.

"Nimeharibu, Widad," alisema. "Uliniachia karatasi, nikaziweza nusu. Uliniachia majirani, nikawapoteza wote. Siku ile uliposema nijifunze japo kukaanga kitunguu, nilikujibu nini? Kwamba serikali ndiyo iliyopaswa kujifunza." Akang'oa gugu moja alilolisahau. "Bado naona ilipaswa."

Mhadasi ulitoa harufu baada ya kumwagiwa maji, harufu ya sikukuu za Halabi. Akakaa mpaka jua likawa kali, kisha akainuka, maana hata mtu anayekwenda kufukuzwa hataki kuchelewa.

Baada ya alasiri Si Bouazza alifika kwa miguu, ameshika daftari lake na kalamu nyuma ya sikio. Akasimama mlangoni pa Abu Ayham, akapiga makofi mara mbili.

"Enyi watu wa Darb Rummana!" aliita. "Mtu huyu anaomba hati kwamba anakaa hapa. Nawauliza hadharani, ili kesho asije mtu akaniambia sikuuliza. Je, anakaa, au amehama?"

Milango ikafunguka mmoja mmoja. Wanawake wakatoka wamejifuta mikono, mzee mwenye tanuri naye akasogea na koleo lake refu. Wakatazamana. Hakuna aliyesema neno. Abu Ayham akatazama viatu vyake. Ndiyo hivyo, alisema moyoni, wamenyamaza, na haki yao.

"Nauliza mara ya pili," alisema Si Bouazza.

"Usitupigie kelele, Bouazza, mimi nilikuwepo ulipotahiriwa," ilisema sauti. Bibi Rqia alikuwa ametolewa mlangoni na kiti chake. "Mshami! Njoo hapa. Sahani yangu ya maua ya kijani iko wapi?"

"Iko ndani, Bi Mkubwa."

"Imevunjika?"

"Haijavunjika."

"Ilete."

Abu Ayham akaingia. Alipotoka hakuwa na moja. Alizibeba zote, rundo zima kutoka kiunoni hadi kidevuni, zimefunikwa mtandio wa Widad. Akaziweka juu ya kizingiti na kuufunua mtandio. Jua likazipiga, zikang'aa kama siku zilipotoka dukani.

"Nisameheni," alisema. "Sikuzila. Sijui kupika, ndiyo sababu. Kila siku nilisema kesho nitajifunza. Ile ya jana niliirudisha tupu kwa ujinga, si kwa kuhama. Nihame niende wapi? Mwenzangu yuko hapa."

Mwanamke mmoja akacheka puani. "Na sisi tulidhani chakula chetu hakikukupendeza!"

"Mimi nilisema kuskusi yangu ilikuwa na chumvi nyingi," alisema mwingine. "Nikaona aibu hata kukusalimia."

"Mume wangu alisema watu wa Shamu wanajua kula, hawawezi kula harira yangu. Nikamnunia wiki nzima!"

Abu Ayham akainua kichwa. Muda wote ule yeye alikuwa akiwakimbia wao, na wao wakimkimbia yeye.

Bibi Rqia akagonga fimbo yake chini. "Bouazza, sikiliza na uandike. Sahani yangu ile ni ya Asfi, mji wa wafinyanzi, nilikuja nayo nilipoolewa. Naweza kuiacha kwenye nyumba ya mpita njia? Nikuulize wewe, mwanamke mwenye akili anaacha sahani yake kwa mtu asiyejulikana analala wapi?"

"Hata yangu!" "Na yangu!" Wanawake wakasogea, kila mmoja anageuza sahani kuangalia alama ya chini, na kila aliyeiona yake aliirudisha pale pale kwenye rundo. Hakuna aliyeichukua.

"Mashahidi hao, Bouazza. Unataka wengine wa nini?" alisema Bibi Rqia.

Mjumbe akajikuna shingo. "Nimesikia. Lakini ya Zhor ilirudi tupu, Bi Mkubwa, na kichochoro chote kimeiona. Nikiulizwa na wakubwa..."

Hapo Lalla Zhor akatoka ndani. Alikuwa ameshika sahani ya buluu yenye samaki wawili, na juu yake chapati za maji za matundu matundu, zinatiririka siagi na asali, moshi bado unapanda. Akampita Si Bouazza kama hamwoni, akamwendea Abu Ayham na kumwekea sahani mikononi.

"Haikurudi," alisema, macho bado mekundu. "Nani aliyeiona imerudi? Sahani yangu iko kwa jirani yangu."

Abu Ayham alitaka kusema neno. Alizoea kulaani, na maneno ya laana yako tayari ulimini kila saa. Ya kushukuru yalikuwa mbali, na ilibidi ayatafute.

"Widad aliniambia," alisema hatimaye. "Aliniambia kwamba hata akifa, nina majirani. Nikamwambia majirani hawana muhuri."

Zhor akacheka na kulia kwa pamoja. Si Bouazza akakohoa, akainama kuangalia rundo la sahani, kwa sababu mwanamume hawezi kusimama tu bila la kufanya mbele ya machozi. Ghafla mkono wake ukasimama. Akavuta sahani moja ya kahawia yenye ufa mdogo ukingoni, akaigeuza. Chini palikuwa na misalaba miwili ya rangi ya dhahabu.

"Lakini hii," alisema taratibu, "hii ni ya mke wangu."

"Ndiyo," alisema Abu Ayham. "Ilikuja na nyama ya kondoo na malimau makavu. Tamu mno, Mungu amlipe."

"Kondoo wangu! Nilimuuliza nyama imekwenda wapi, akaniambia paka!"

Darb Rummana yote ikapasuka kwa kicheko. Mzee wa tanuri alijishika na koleo lake asianguke.

"Bouazza!" Bibi Rqia alipaza sauti juu ya kicheko. "Mtu amekula kondoo wako, sahani ya mkeo iko jikoni mwake tangu baridi, na wewe unakaa mkahawani unasema humjui?"

Si Bouazza akaifikiria sahani. Akafikiria, yaelekea, atakachoambiwa nyumbani usiku ule. Kisha akaichomoa kalamu nyuma ya sikio, akalifungua daftari juu ya paja lake, akaandika pale pale amesimama, herufi kubwa kubwa, akatoa muhuri mfukoni, akauvuvia pumzi, akaupiga.

"Mshami," alisema akimkabidhi, "ukimwambia mtu kwamba nilikataa mara ya kwanza, naichukua tena."

"Si Bouazza, Mungu akuhifadhi, na ayahifadhi masikio yako."

*

Ofisi ya ukaazi walimpa stakabadhi ya muda baada ya kumsimamisha asubuhi nzima, maana wao hawawezi kutoa kitu bila kwanza kumchosha mtu. Ndiyo kazi waliyoajiriwa. Mwezi haujaandama bado alipofika kwenye dirisha la Ghizlan. Yule msichana alisoma, akageuza, akasoma tena, kisha akapiga muhuri mara moja, akamwandikia namba yake ya kodi kwenye kikaratasi.

"Hongera, Ami," alisema. "Kuanzia leo unadaiwa kama sisi wengine."

Abu Ayham alikitazama kile kikaratasi. Kama kuna mtu angemwambia siku moja kwamba atafurahi kutozwa kodi, angempiga kwa uta wa pamba. Walimwingiza kwenye orodha ya watu wa kukamuliwa, nayo ilikuwa orodha ile ile ya watu wasiofukuzwa. Wakubwa ni wale wale, alijiambia, sijawasamehe. Lakini yule aliyeinama karibu na tundu la kioo hakuwa mkubwa. Alikuwa binti wa mtu tu, ana macho yaliyochoka, na alimwonesha njia wakati hakuna aliyemlazimisha.

"Mwanangu," alisema, "godoro lako likibonyea, njoo kwangu karibu na tanuri la Darb Rummana. La kwako nitalipiga pamba kwa mkono, bure."

"Bure hairuhusiwi, Ami. Wataniuliza."

"Basi nitakutoza, na nitatozwa," alisema Abu Ayham, akatoka akicheka peke yake, jambo ambalo mlinzi wa mlangoni hakuwahi kuliona pale.

Jumamosi aliwasha jiko. Alinunua dengu, ngano iliyopondwa ya bulguri na vitunguu vya kutosha kulisha kambi, akafungua dirisha la jikoni. Zhor alikuwa kwenye dirisha lake la mbele, akimwelekeza kwa sauti kichochoro kizima kisikie. "Vitunguu kwanza, Mshami! Moto mdogo! Mdogo nimesema, unapika au unachoma nyumba?" Akapika mjaddara wa Widad, mseto wa dengu na bulguri, vitunguu vya kahawia juu, akautia kwenye sahani za rundo, akagonga mlango hadi mlango. Mke wa Si Bouazza aliipokea ya kahawia kwa kicheko kilichosikika mpaka mkahawani.

Ya mwisho ilikuwa ya maua ya kijani. Bibi Rqia alionja kwa ncha ya kijiko, akafumba jicho moja.

"Chumvi hii inatosha kukausha ngozi ya ng'ombe."

"Nitajifunza, Bi Mkubwa."

"Utajifunza." Akachukua kijiko cha pili, kisha cha tatu. "Na ya Zhor ya samaki? Hujaleta."

"Ile sirudishi."

"Husemi kweli!"

"Stakabadhi ni ya muda, halafu kadi ni ya mwaka. Mwakani itakwisha, Si Bouazza atakuja tena na daftari lake aulize kama nakaa hapa. Nataka pawe na sahani ya kumwonesha."

Bibi Rqia alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, Zhor akaja mbio na maji. Kikongwe akanywa, akafuta machozi kwa pindo la kanzu.

"Zhor," alisema, "ile ya samaki mwachie. Na mpe na ile kubwa ya kabatini. Huyu hatuondokei leo wala kesho."

Abu Ayham akaipokea ile kubwa kwa mikono miwili.